Nuru na Siri Kando ya Barabara ya Thika

Kuna sentensi moja ambayo mwanamke anayepanga nyumba Kimbo au Gitambaya, mitaa ya Ruiru, huiogopa katika maombi ya katikati ya wiki: "Tumkumbuke dada yetu, nyumba yake inapitia mawimbi." Jina halitajwi, na wala halihitajiki. Walioketi pale wanakaa ploti zilizopakana, wanachota maji bomba moja, na Jumamosi usiku walisikia sahani zikivunjika. Alichomwambia mama mchungaji Jumatatu kwa machozi kimekuwa ombi Jumatano, na kufikia Ijumaa kitakuwa habari kwa mama mboga. Hakuna aliyekusudia ubaya. Waliomba kwa dhati. Lakini dada yule hatamfungulia mtu wa kanisa moyo wake tena, na nyumba ikija kuvunjika, watu watauliza kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo.

Mjadala kuhusu ushauri wa Kikristo katika ukanda huu kwa kawaida huanza na hesabu ya upungufu: wachungaji hawatoshi, waliosomea ushauri nasaha ni wachache, waumini hawasomi Neno. Kila moja lina ukweli wake. Hata hivyo, kutoka Githurai 45 hadi Makongeni ya Thika huendi mbali bila kukuta kanisa, liwe la mawe au la mabati, na mafundisho hayajawahi kuadimika. Kinachoadimika ni mtu mmoja anayekujua kwa muda mrefu, anayeweza kuyabeba uliyomwambia bila kuyatua njiani, na anayejua ni yapi hapaswi kuyabeba peke yake. Ushauri, pamoja na ule uanafunzi wa Kristo unaofundishwa kwa vitabu na madarasa, hukutana kwa mtu huyo. Akikosekana, kila kimoja huenda njia yake.

Ruiru imefurika. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini humo. Ya 2019 ikakuta 490,120, karibu mara mbili ya Thika, iliyokuwa na 251,407. Mashamba ya kahawa yalikatwa ploti, barabara kuu mpya ikazinduliwa 2012, na palipokuwa na mibuni pakasimama ghorofa za kupangisha. Wengi wanaokaa hapa hawakuzaliwa hapa. Wametoka Murang'a, Kitui, Kisii, Busia; wameacha nyuma shangazi, nyanya na wazee wa ukoo, watu ambao kwa desturi ndio waliokuwa wakiita vijana kando na kuwaambia ukweli. Baba anaamka saa kumi alfajiri kuwahi matatu ya Nairobi, au anaingia shifti ya usiku katika kiwanda cha Thika, na akirudi watoto wamelala au wameshaenda shule. Jirani anamjua kwa jina la mtoto wake wa kwanza tu. Kodi ikipanda anahama, na mara nyingi akihama nyumba huhama na kanisa. Mchungaji anayetaka kumlea mtu huyu ana saa ngapi naye kwa mwezi? Nne za Jumapili, tena akiwa jukwaani, yule mwingine akiwa safu ya nyuma.

Zamani mafunzo ya maisha yalikuwa na majira yake. Katika nchi ya Wagikuyu kijana aliyetahiriwa alikuwa na mutiiri, mtu mzima aliyemsimamia, aliyemuuguza na kumfundisha, na aliyeendelea kuhesabiwa mlezi wake baada ya kidonda kupona. Kisha ukaja mgogoro wa 1929 juu ya ukeketaji wa wasichana. Misheni ya Waskoti na majirani zake waliwataka waumini wauache. Waumini wengi waliondoka, na makanisa na shule huru zikazaliwa. AIPCA, moja ya makanisa yaliyotokana na mkondo huo, lina waumini wengi Kiambu na Murang'a mpaka leo. Juu ya ukeketaji wenyewe wamisionari walikuwa na haki, nami sisiti kusema hivyo: mwili wa msichana haukustahili kuumizwa. Lakini mgogoro ule uliitikisa taasisi nzima ya jando na unyago, na mafundisho yaliyokuwa yakifuatana na kisu yalichelewa kupata makao mapya.

Leo makanisa yenyewe yamerudi kuijaza nafasi hiyo. Wapresibiteri, Waanglikana, Wakatoliki na wengine wengi hupokea wavulana katika likizo ya Desemba: tohara hospitalini au kwa daktari, kisha siku kadhaa za kukaa pamoja, wakifundishwa juu ya mwili, wasichana, pombe, kazi na sala. Wazazi wa Ngoingwa na Membley hulipa kwa furaha, na wana sababu, kwa maana njia nyingine imekuwa kumkabidhi mtoto kwa vijana wa mtaani wanaomfundisha bangi na matusi. Mimi nausifu mpango huu, isipokuwa mwisho wake. Siku ya kutoka kuna suti, keki, picha na maombi, halafu mutiiri anarudi kwake. Januari mvulana ana swali la kwanza la kweli, na nambari ya simu ya yule kaka aliyemfundisha hana.

Urithi mwingine ulioumba Ukristo wa huku ni Uamsho. Ule moto ulioanzia Uganda na Gahini, Rwanda, uliingia Kenya 1937 timu ya ndugu ilipofika Kabete. Obadiah Kariuki, aliyekuja kuwa askofu, alikuwa miongoni mwa waliouchukua mapema. Waliookoka, ahonoki kama walivyoitwa, walikutana kila wiki, wakaungama, wakarudisha walivyoiba, wakaimba Tukutendereza. Wakati wa vita vya Mau Mau wengi wao walikataa kiapo na pia wakakataa kushika bunduki upande wa serikali, na wako waliouawa kwa hilo. Msemo wao mkuu ulikuwa kutembea nuruni: usifiche, lete mezani, damu ya Yesu ioshe.

Sina shaka kwamba utaratibu ule uliokoa ndoa nyingi na roho nyingi. Lakini tukiuangalia kwa makini tunaona nguzo mbili zilizoushikilia. Ya kwanza, mtu alileta nuruni dhambi yake mwenyewe. Aibu ya mwenzake haikuwa mali yake. Ya pili, wale waliomsikiliza wangekuwa naye msibani, shambani na kwenye harusi ya bintiye miaka thelathini mbele. Waliosikia walilipa gharama ya kusikia. Ukichukua lugha ile ile ya nuru ukaipeleka katika kikundi cha watu kumi na wawili waliojuana tangu Februari, wanaoweza kuhama Agosti, unapata kitu kingine chenye jina lile lile. Watu wanaungamiana matatizo ya wasiokuwepo. Mtandao wa WhatsApp umeongeza kasi: ombi linaloandikwa saa tatu usiku linasomwa na watu mia mbili kabla ya saa tatu na dakika tano, na mmoja wao ni shemeji wa anayeombewa.

Wakatoliki wana vyombo viwili ambavyo vikiwekwa pamoja vinafundisha jambo. Maaskofu wa AMECEA, umoja wao wa Afrika Mashariki, waliamua miaka ya 1970, katika mikutano ya 1973 na 1976, kwamba Kanisa la Afrika Mashariki lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo. Ndiyo maana mtaani Thika utakuta familia chache zimekusanyika sebuleni, mshumaa umewashwa, Injili inasomwa, na baadaye mchango wa mgonjwa unapangwa. Ila katika nyumba ile hakuna anayetarajiwa kumwaga yote. Ya ndani kabisa yana kitubio, na padri anayevunja siri ya maungamo anajitenga mwenyewe na Kanisa kwa kosa hilo. Msaada una meza yake na siri ina kiti chake. Wapresibiteri nao wamegawa parokia kwa wilaya, kila moja na mzee wake wa kanisa, na mzee mwema anajua nani amefutwa kazi kabla ya katibu wa parokia kujua. Kwa makanisa mengi ya kipentekoste yaliyochipuka kando ya barabara, mchungaji ni yote hayo kwa pamoja: mhubiri, mshauri, msuluhishi, mtunza hazina, na mara nyingine mwenye nyumba. Ni mzigo mkubwa mno kwa mtu mmoja, hata akiwa mtakatifu.

Sasa, ni mambo gani watu huleta, wakithubutu kuleta? Fedha huja mbele, ingawa huvaa nguo nyingine. Mume anakuja akisema mke hamheshimu. Ukikaa naye saa moja unakuta mikopo ya simu. M-Shwari ilianza 2012, Fuliza 2019, Hustler Fund mwishoni mwa 2022, na katikati yake zikajaa programu za kukopesha kwa dakika tatu. Kwa muda baadhi ya wakopeshaji walikuwa wakiwapigia simu watu wote walio katika orodha ya mdaiwa, bosi na mama mkwe wakiwamo, mpaka Benki Kuu ilipoweka kanuni mwaka 2022. Juu ya mikopo kuna kubeti. Kijana wa boda boda wa Kihunguro anaweza kupoteza mapato ya siku kabla ya chai ya saa nne, akakopa kurudisha hasara, akapoteza na ule mkopo.

Ninaona makanisa yakiwa dhaifu zaidi hapa kuliko mahali pengine popote. Mafundisho juu ya fedha mara nyingi ni mafundisho juu ya kutoa: fungu la kumi, mbegu, sadaka ya shukrani. Mtu aliyezama anaambiwa apande mbegu. Ushauri wa kweli katika jambo hili ni kazi ya penseli na karatasi. Andika kila deni, hata lile la duka la chini. Jua lipi lina riba kali. Mwite mke asikie jumla, maana hajawahi kuisikia. Futa programu za kubeti mbele ya mtu. Tafuta chama au SACCO ya kumtoa taratibu. Halafu mtu akae naye mwezi hadi mwezi, kwa sababu mwezi wa tatu ndio mgumu. Hiyo ni kazi ya kiroho kabisa. Mtu anayejifunza kusema ukweli juu ya shilingi elfu nne anajifunza kusema ukweli.

Ndoa huja ya pili, na ndani yake kuna jambo ambalo hatuna ruhusa ya kulipitia haraka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wamepata ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15. Ukihubiri mbele ya wanawake mia moja Ruiru, usihubiri kana kwamba wale thelathini na wanne wako kaunti nyingine. Ushauri unaozoeleka ni wa subira: rudi nyumbani, mnyenyekee, omba, Mungu atambadilisha. Wanaousema wengine waliusikia kwa mama zao na wakaokoka nao, na husema kwa upendo. Lakini suluhu inayowaketisha mpigaji na mpigwaji kwenye kiti kimoja na kuwauliza kila mmoja amekosa wapi, inampa mpigaji sababu mpya. Atarudi nyumbani akijua mke alisema nini. Mwanamke mwenye hofu asikilizwe peke yake, na swali la kwanza liwe usalama: usiku huu utalala wapi, watoto je? Sheria ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani ipo tangu 2015, na nambari ya bure 1195 hupokelewa usiku na mchana. Mzee wa kanisa anayejua nambari hiyo kwa kichwa, kama anavyojua nambari za tenzi, ana uwezo wa kuokoa maisha.

Kuhusu mtoto aliyenajisiwa hakuna la kujadili sebuleni. Familia huja kwa mchungaji wakitaka apatanishe, mbuzi atolewe, jina la ukoo lisichafuke. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaufanya unajisi huo kosa la jinai, na hospitali na polisi ndiyo njia. Watoto wana nambari yao, 116. Hapa siri ya mshauri inafika ukomo, na ukomo huo uelezwe mapema, kabla mtu hajaanza kusema: nitakutunzia yote, ila nikijua mtoto anaumizwa, au wewe unataka kujiua, au mtu anataka kuua, sitanyamaza. Washauri waliosomea huanza hivyo. Sioni kwa nini mama mchungaji asianze hivyo.

Jambo la tatu ni maradhi ya akili. Kila asubuhi magari ya Thika na Ruiru yanayoingia Nairobi hupita Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoanza 1910, na kwa watu wengi jina hilo bado ni tusi. Jopo la serikali chini ya daktari Frank Njenga lilipendekeza 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe janga la kitaifa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai, kinakiuka Katiba. Sheria imeanza kuelewa jambo ambalo mimbari nyingi bado hazijaelewa. Mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita, asiyelala, asiyetaka kumshika mtoto, huambiwa hana shukrani. Kijana anayesikia sauti hupelekwa kwenye maombezi, na akirudi anasikia sauti zile zile, hupelekwa kwenye maombezi marefu zaidi.

Sisemi maombi yakome. Ninasema kwamba aliyeombewa akiwa na malaria bado humeza dawa, na hakuna anayemshuku kukosa imani. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walizokaa chini naye bila neno. Walikosea walipoanza kueleza. Mchungaji anayeweza kukaa kimya na mgonjwa wa sonona, kisha akamsindikiza kliniki na kukaa naye kwenye foleni, ametimiza sehemu zote mbili za wito wake. Kusindikiza ni muhimu kuliko kumwandikia karatasi, kwa kuwa aliyezama hana nguvu ya kupanda matatu peke yake.

Bunge lilipitisha 2014 Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, ikaunda bodi ya kuwasajili wanaofanya kazi hiyo. Baadhi ya wachungaji wameipokea kwa wasiwasi, wakiona dola inaingia kwenye madhabahu. Naielewa hofu hiyo, lakini kilichotokea Shakahola, Kilifi, kinazuia tusiikumbatie sana. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, ya watu wanaosemekana kufunga hadi kufa kwa mafundisho. Paul Mackenzie, mhubiri aliyeshtakiwa, alikana mashtaka. Kabla ya kaburi la kwanza kulikuwa na mambo madogo ambayo mtu yeyote wa Thika anaweza kuyatambua: kiongozi mmoja asiyeulizwa, waumini kuambiwa waache shule na hospitali, ndugu wa damu kuitwa adui. Uanafunzi unaomtenga mtu na daktari wake, na mama yake, na uwezo wake wa kusema hapana, umeshageuka, hata kama bado unaimba nyimbo zile zile.

Vyuo ni sura nyingine. JKUAT iko Juja, Chuo Kikuu cha Mount Kenya makao yake ni Thika, na vyuo vingine vimejipanga kando ya barabara ile ile. Vikundi vya wanafunzi Wakristo chini ya FOCUS, iliyoundwa 1973, vimelea viongozi wengi wa makanisa ya leo, na kozi kama Mizizi, ya wiki kumi, iliyoanzia kanisa la Mavuno, zimewafundisha wengi kukaa duara na kuzungumza kwa uwazi. Nguvu ya vikundi hivyo ni kwamba wanaoketi humo wanakula pamoja, wanasoma pamoja, wanakosa pesa pamoja. Uanafunzi unawafaa kwa sababu wiki yao ni moja. Shida huanza baada ya mahafali. Aliyeongoza maombi ya chuo kizima anapanga chumba kimoja Kahawa Wendani, anatafuta kazi mwaka wa pili sasa, na kanisani anakaribishwa kama mgeni kila Jumapili. Ana aibu ya kumwambia mchungaji kwamba ameacha kusali, kwa kuwa mchungaji anamjua kama yule kijana mwenye moto.

Nikiulizwa kanisa la Ruiru lianzie wapi, singeanza na jengo la ushauri wala cheti, ingawa vyote vina mahali pake. Ningeanza na watu sita au wanane katika kila kusanyiko, wanawake na wanaume, wasiokuwa na haraka ya cheo, wafundishwe mambo machache: kusikiliza bila kukatiza, kutunza siri, kutambua pale siri inapokoma, na kumpeleka mtu kwa anayejua zaidi. Wasipewe kipaza sauti. Wasiwe pia wale wale wanaohesabu sadaka, kwa sababu mwenye deni atawaogopa. Mwanamke awe na mwanamke wa kumwendea. Na kila mmoja wao awe na mtu wa kumsikiliza yeye, nje ya kusanyiko, maana anayebeba ya watu huchoka, na akichoka huanza kumwaga.

Na watu hao wawe na wiki inayofanana na ya wale wanaowalea. Mfanyakazi wa kiwanda Thika anayepambana na pombe hahitaji mhadhara mpya juu ya madhara yake; amemzika rafiki, na anakumbuka Mei 2014, pombe yenye sumu ilipoua watu katika kaunti kadhaa, Kiambu ikiwamo. Anachoogopa ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja na nusu jioni, mshahara ukiwa umeingia kwenye simu na njia ya kwenda Makongeni ikipita baa nne. Saa hiyo mchungaji yuko kwenye mkutano. Mwenzake wa shifti, aliye kikundi kimoja naye, anaweza kumngoja langoni, watume pesa kwa mama watoto kabla hawajavuka barabara, kisha watembee pamoja wakizungumza juu ya mpira, juu ya msimamizi wao mpya, juu ya mvua, mpaka mlangoni. Mwezi ujao amngoje tena.